Swali la msomaji: Tukipelekwa ng'ambo kujifunza biashara, tuangalie nini?

SWALI

Salamu Mwalimu. Mimi ni katibu wa chama cha mafundi wa juakali hapa Kibuye, Kisumu. Tunaunda mashine za kupukuchua mahindi, za kukatakata majani ya ng'ombe, majiko na milango ya chuma. Tumepewa nafasi moja kwenye ziara ya mafunzo nje ya nchi na tayari tumegawanyika. Wengine wanataka Singapore, wengine Korea, na mwenyekiti ameng'ang'ania Israeli. Mimi nina swali lililo nyuma ya hayo. Tunaambiwa nchi hizo zilikuwa maskini kama sisi. Hapa Kisumu kila mtu ni mfanyabiashara, tangu alfajiri mpaka taa za barabarani ziwake. Mbona wao walipanda na sisi tuko palepale? Na ni lipi lao linaloweza kufanya kazi Kibuye?

JIBU

Dada Katibu, nitaanza na hiyo "mbona", kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha pa kwenda.

Umesema kila mtu Kisumu ni mfanyabiashara, na unaona ajabu kwamba hatuinuki. Mimi naona hapo ndipo jibu linapoanzia. Takwimu za serikali za mwaka 2016 zilihesabu biashara ndogo na za kati milioni 7.4 nchini Kenya, na zilizokuwa na leseni ni milioni 1.56 tu. Ujerumani, pamoja na viwanda vyake vyote, wanaojiajiri wenyewe hawafiki mmoja katika kila wafanyakazi kumi. Waliobaki wameajiriwa, wengi wao na mtu ambaye biashara yake ilikua. Wafanyabiashara hawatupungui hata kidogo. Inayotupungua ni ile karakana iliyoanza na mashine moja ya kuchomelea ikafika kumi, ikamwajiri jirani kabla jirani hajafungua kibanda chake kando na kuuza mlango uleule kwa shilingi mia mbili chini.

Na fundi anayekataa kukua si mjinga. Akipata faida ananunua ploti Kisian au pikipiki ya kukodisha, maana ploti haikopeshi mteja asiyelipa, wala umeme ukipotea haisimami. Hapa kwetu kukua ni hatari kuliko kubaki mdogo. Nchi unazozitaja, kila moja kwa njia yake, zilimpunguzia hatari hiyo mtu aliyeonyesha kwamba anaweza. Naomba ushike hayo maneno "aliyeonyesha kwamba anaweza", kwa sababu wengi wakirudi kutoka ziarani huyaacha uwanja wa ndege na kubeba picha za majengo.

Chukua Korea Kusini, inayotajwa kwenye kila hotuba. Ule msemo kwamba miaka ya 1960 tulikuwa nao sawa unaficha mambo mawili: walikuwa wamekwisha kugawa upya ardhi kwa sheria iliyoanza kutekelezwa 1950, na karibu kila mtoto wao alikuwa shule ya msingi. Juu ya msingi huo ndipo Park Chung-hee, mwanajeshi aliyetwaa madaraka 1961, alipoanza kusukuma mauzo ya nje. Tarehe 30 Novemba 1964 walisherehekea kufikisha dola milioni 100 za mauzo ya nje kwa mwaka. Kufikia 1977 zilikuwa dola bilioni 10. Walianza na plaiwudi, nguo na wigi. Ndiyo, wigi, zilizoshonwa kwa nywele za wanawake wa vijijini.

Benki zilikuwa mikononi mwa serikali, na mkopo wa bei nafuu ulimfuata mwenye oda ya nje iliyothibitishwa. Kila mwezi Rais mwenyewe aliketi na mawaziri na wenye kampuni, tarakimu za mauzo zikiwa mezani. Aliyetimiza aliongezewa, aliyeshindwa aliona mlango wa benki ukifungwa. Simsifu dikteta. Vyama vya wafanyakazi vilikandamizwa na watu wakafungwa, na hayo wala msiyalete nyumbani. Nataka uone tu kwamba msaada wa serikali ulikuwa na kipimo, na aliyekishika kipimo hicho ni mnunuzi wa mbali asiye na shemeji ofisini.

Sasa geuka utazame mashamba ya miwa kuanzia Muhoroni mpaka Mumias. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kwa zaidi ya miaka ishirini, sukari yetu ilikingwa dhidi ya sukari ya nchi wenzetu wa COMESA, soko la pamoja la Afrika ya mashariki na kusini, kinga iliyotolewa kwa muda na kwa masharti. Mojawapo ya masharti lilikuwa kwamba mkulima alipwe kulingana na sukari iliyomo ndani ya muwa, badala ya uzito peke yake. Kinga iliongezwa muda, ikaongezwa tena, na miwa ikaendelea kupimwa kwa tani. Mumias, kiwanda kilichoanza kusaga 1973 na kilichobeba mji mzima, kikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayewekwa na wanaodai, mwaka 2019 kwa ajili ya madeni. Kulikuwa na wizi na usimamizi mbaya pia, hilo linajulikana, lakini hata kiwanda cha watu waaminifu hulegea kikijua hakitaulizwa kitu.

Suala hili la kumlipa mkulima kwa ubora naona linadharauliwa sana, na lina historia. Kwenye miaka ya 1870 na 1880 nafaka ya bei rahisi kutoka ng'ambo, hasa Marekani, ilimvunja mkulima wa Denmark, kama sukari ya nje inavyomvunja wa kwetu. Wadenmark wakahamia maziwa na siagi. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, wakulima walifungua kiwanda cha maziwa cha ushirika, na mfano huo ukasambaa vijijini kwa mamia. Mwanachama mwenye ng'ombe wawili alikuwa na kura moja, sawa na mwenye ng'ombe hamsini. Kila mmoja alifungwa na mkataba wa kuleta maziwa yake yote hapo, asiwe anampelekea mchuuzi anayepita na bei ya juu wiki moja. Na vipimo vilipopatikana, wakawa wanalipwa kwa mafuta yaliyomo kwenye maziwa, kwa hiyo aliyetia maji alijiibia mwenyewe. Mwaka 1901 wakaweka alama moja kwa siagi yao yote, ili mnunuzi wa Uingereza ajue anachokinunua. Hakuna kitu cha kupiga picha katika hayo. Ni mkataba, mizani na tarehe ya malipo.

Jamaa zetu wa Nakuru wanajua upande wa pili wa hadithi hiyo. Kwa miongo mingi Kenya iliongoza dunia kwa pareto, ua la kutengenezea dawa ya wadudu, na kiwanda cha kuisindika kilikuwa Nakuru. Kisha wakulima wakaanza kungojea pesa zao, miezi ikawa miaka, wakang'oa pareto wakapanda viazi. Wanunuzi hawakungoja. Walikwenda Tasmania, Australia, na nafasi yetu ikachukuliwa na wakulima wanaovuna kwa mashine. Udongo wa Molo haukuwa umebadilika. Linganisha na mkulima wa chai wa Vihiga anayepeleka majani yake kiwanda cha Mudete: anapata pesa za kila mwezi, kisha bonasi ya mwaka. Ananung'unika kuhusu bonasi, na ana haki, lakini kesho asubuhi utamkuta tena shambani akichuma.

Nije kwenye hadithi ambayo kama ningekuwa na dakika tano tu na chama chenu ningewasimulia hiyo peke yake. Haitoki Singapore wala Israeli. Inatoka Bangladesh.

Mwaka 1978 Bangladesh ilikuwa ikiuza nje nguo za kushonwa viwandani za thamani ndogo sana. Noorul Quader, aliyekuwa mtumishi wa serikali, alifanya makubaliano na kampuni ya Daewoo ya Korea, na mwaka uliofuata kampuni yake, Desh, ikapeleka wafanyakazi 130 mjini Busan. Hawakwenda kutembezwa. Kwa miezi kama sita walikaa ndani ya kiwanda, wakishona, wakikata, wakisimamia mstari wa mashine, wakijifunza namna oda inavyopokelewa, inavyokaguliwa na kufungwa kwenye maboksi. Waliporudi wakaanzisha kiwanda Chittagong. Halafu likatokea jambo ambalo mwenye kampuni yeyote angelilaani: wengi wa wale 130 wakamwacha, mmoja mmoja, wakaenda kufungua viwanda vyao au kusimamia vya wengine. Desh ikapoteza watu, nchi ikapata sekta nzima. Baadaye Bangladesh ilikuja kuwa ya pili duniani kwa kuuza nguo nje, nyuma ya China tu.

Serikali yao nayo ilifanya mambo mawili ya karatasi, na naomba usiyapuuze kwa kuwa ni ya karatasi. Kitambaa kilichoagizwa kiliingia kwenye ghala maalumu bila kulipiwa ushuru, mradi kitoke kikiwa shati la kuuzwa nje. Na mwenye oda ya mnunuzi wa nje aliruhusiwa kuitumia oda hiyohiyo benki kama dhamana ya kukopea kitambaa. Ghafla mtu mwenye ujuzi na oda, asiye na ploti wala hatimiliki, angeweza kuendesha kiwanda. Ilikuwa na gharama pia. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao washonaji waliolazimishwa kuingia ndani ya jengo lililokwisha kupasuka nyufa. Anayekusimulia mafanikio ya Bangladesh bila Rana Plaza anakuuzia kitu.

Kwa nini nakwambia hivi wewe wa Kibuye? Waulize mafundi wazee wa chama chenu walijifunzia wapi kazi. Nadhani utasikia karakana ya reli, viwanda vya sukari vya Chemelil na Muhoroni, kiwanda cha nguo cha Kicomi kabla hakijafungwa miaka ya 1990. Viwanda vile vikubwa, pamoja na maovu yao, vilikuwa vinafundisha watu kutengeneza kitu kwa vipimo, mara elfu, bila kukosea. Fundi alitoka pale akafungua kibanda. Vilipokufa tulihesabu ajira zilizopotea, hakuna aliyehesabu mafunzo. Kijana anayejifunza leo anajifunza kwa fundi ambaye naye alijifunza kibandani, na ndiyo maana mashine mbili za kupukuchua mahindi zilizoundwa na mtu mmoja wiki moja hazibadilishani spea.

Kwa hiyo, kuhusu nafasi yenu moja: kama ni ya siku saba za hoteli na mabasi, haina uzito wa kuwagombanisha. Andikeni barua muombe ibadilishwe. Ombeni fundi mmoja akae miezi mitatu ndani ya kiwanda kimoja kinachounda mashine za kilimo, hata kama ni India na si Korea, hata kama ni Thika. Mpelekeni anayejua kutumia mashine ya kukereza chuma, mwenye umri wa kurudi na kufundisha wengine. Mwenyekiti atanisamehe.

Ulizia pia vile vituo vya majaribio vya Japani. Kila mkoa kule una vituo vya umma ambapo mwenye karakana ndogo anapeleka kipande cha chuma kikapimwe ugumu wake, anatumia kwa ada ndogo mashine ya bei ambayo hataiweza maishani, na anaongea na mhandisi aliyeajiriwa kumsikiliza yeye. Mtindo huo una zaidi ya miaka mia, na umewasaidia mafundi wadogo wanaoviuzia vipuri viwanda vikubwa vya Japani. Hapa Kisumu taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI, ina kituo chake, na ofisi ya viwango, KEBS, iko mjini humohumo. Kabla hamjapanda ndege, nendeni huko na kisu cha ile mashine ya majani, kile kinachovunjika baada ya msimu mmoja. Ulizeni kupima kunagharimu kiasi gani, na majibu yatatoka lini. Mkipewa bei na tarehe, mmeanza. Msipopewa, hapo mna jambo la kumpelekea mbunge wenu lililo bora kuliko kuomba shedi nyingine.

Mtaniambia shida ni mtaji. Ni kweli kwa kiasi. Mafundi wa Italia ya kati na kaskazini, wale wa vigae, viatu na mashine za kufungashia, walikuwa wadogo kama nyinyi. Waliunda vyama vya dhamana: kila mwanachama anaweka fedha kidogo, mfuko unakuwa dhamana benki, na wenzake wa kazi hiyohiyo ndio wanaoamua nani adhaminiwe. Wao wanajua kuliko meneja wa benki nani anakunywa faida yake na nani anarudisha oda kwa wakati. Sisi jambo hilo tunalo tayari, linaitwa sacco, ila wadhamini wetu tumewazoesha karo, mazishi na ploti. Sijui sacco nyingi ambazo zingemdhamini mtu anunue mashine ya kukereza. Tena tangu 2017 tuna sheria inayoruhusu mali inayohamishika, mashine, bidhaa, hata ng'ombe, isajiliwe kuwa dhamana ya mkopo. Wengi wa wanachama wako hawajawahi kuisikia. Mwite afisa wa benki mje mmuulize mbele ya wote kama tawi lake limewahi kuitumia.

Israeli ya mwenyekiti ina somo, ila fupi. Mwaka 1992 walijaribu mpango wa serikali uliowakinga wawekezaji dhidi ya hasara, ukashindwa, maana uliwavutia watu wa kuogopa hasara na si wa kutafuta faida. Mwaka uliofuata wakaja na Yozma: serikali ilitenga dola milioni 100, ikaingia ubia katika mifuko kumi ya uwekezaji, na kuwapa wabia haki ya kuinunua hisa yake kwa bei nafuu ndani ya miaka mitano mambo yakienda vizuri. Wengi waliinunua, serikali ikatoka. Wepesi huo wa kuacha mpango mbovu baada ya muda mfupi ndio wa kuonea wivu. Lakini ule ulikuwa mpango wa kampuni za teknolojia zenye wahandisi wengi waliosomeshwa. Hautakusaidia na milango ya chuma.

Singapore sikuisahau, nimeiacha kusudi. Ilikua kwa kuvuta kampuni kubwa za kigeni na kwa mashirika ya serikali yenyewe, katika mji mmoja wenye bandari kwenye njia kuu ya meli za dunia. Gavana anaweza kujifunza mengi huko kuhusu nyumba na maji taka. Fundi, machache.

Kuna kitu kingine ambacho ziara hazionyeshi, nacho ni makosa ya waliofanikiwa. Mwambie ndugu yeyote uliye naye upande wa Usenge au Mbita anayefuga samaki kwenye vizimba asome habari za Chile. Samoni si samaki wa asili wa kule, lakini kwa msaada wa taasisi iliyoundwa 1976 kuleta ujuzi wa nje, Chile ikawa ya pili duniani kwa kufuga samoni, nyuma ya Norway. Wakarundika vizimba karibu karibu, kila mtu akitaka mahali penye maji mazuri, na mwaka 2007 virusi vikaingia na kuangusha uzalishaji, maelfu wakakosa kazi. Baada ya hapo ndipo walipoweka sheria za umbali na za kupumzisha maeneo. Ziwa letu ni dogo kwa kina kuliko bahari ile, na mwishoni mwa 2022 tuliona samaki wa vizimba wakifa kwa wingi upande huu wa Kisumu. Sheria za umbali wafugaji wetu wangeweza kuziazima sasa hivi, bure, kabla ya kulipia somo lenyewe.

Mwisho, jambo la kudai hapa nyumbani. Kenya imetenga asilimia 30 ya tenda za umma kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na ni nia njema. Lakini tenda inayolipwa baada ya mwaka ni mkopo ambao fundi maskini anaikopesha serikali bila riba, huku sacco ikimdai yeye kila mwezi. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2011 kwamba ofisi ya umma ilipe ndani ya siku 30, ikichelewa iongeze riba. Chama chenu kikipata nafasi ya kuzungumza na kamati ya kaunti, ombeni hilo kabla ya kuomba shedi au mafunzo: tarehe ya malipo iandikwe kwenye mkataba, pamoja na riba ya kuchelewa. Na mpaka mpewe, mwanachama asichukue oda ya madawati ya shule ambayo hawezi kuisubiri miezi sita. Bora auze mashine tatu za majani kwa wafugaji wa Kapsabet wanaolipa kwa M-Pesa siku hiyohiyo.